Ugomvi wa Wazee na Mapenzi ya Vijana

Mwingereza mmoja, jina lake William Shakespeare, alitunga mchezo wa huzuni uitwao Romeo and Juliet. Mchezo huo ulipigwa chapa mara ya kwanza mwaka 1597, nao husomwa hata leo katika nchi nyingi. Habari zake ni za mji wa Verona katika nchi ya Italia. Mjini humo zilikuwako jamaa mbili kubwa, Montague na Capulet, zilizochukiana tangu zamani, hata watumishi wao walipokutana njiani walifutiana panga. Mchezo hausemi ugomvi ulianzia wapi. Watu wale waliupokea kwa baba zao, kama mtu apokeavyo urithi.

Romeo alikuwa mwana wa Montague, na Juliet binti wa Capulet, msichana asiyetimiza bado miaka 14. Walionana katika karamu, wakapendana kabla hawajajuana majina. Kwa kuwa hawakuthubutu kuwaambia wazazi wao, walimwendea mtawa mmoja, naye akawafungisha ndoa kwa siri. Siku ile ile wakapigana watu barabarani. Tybalt, jamaa ya Juliet, akamwua rafiki wa Romeo, na Romeo akamwua Tybalt, akafukuzwa mjini. Baba yake Juliet, asiyejua neno, akataka kumwoza binti yake mume mwingine. Yule mtawa akampa Juliet dawa ya kumlaza kama maiti, akampelekea Romeo barua ya kumweleza shauri hilo. Barua haikufika. Kwa hiyo wote wawili walikufa katika kaburi moja, na ndipo wazee wao walipopeana mikono, mbele ya maiti za watoto wao.

Hayo ni mambo ya mchezo. Lakini katika kisiwa cha Unguja yalitokea mambo ya kweli yanayofanana nayo.

Salme alizaliwa mwaka 1844 katika jumba la Mtoni. Baba yake alikuwa Seyyid Said, mtawala wa Omani na Unguja. Zamani zile wasichana wa jumbani hawakufundishwa kuandika. Lakini Salme alijifunza kwa siri, akinakili herufi juu ya mfupa wa bega la ngamia. Seyyid Said alikufa baharini mwaka 1856, akaacha watoto 36. Mwanawe Majid akatawala Unguja.

Mwaka 1859 mwana mwingine, Barghash, alitaka kumwondoa Majid. Jamaa yote ikagawanyika. Salme, msichana wa miaka 15, akawa upande wa Barghash; na kwa kuwa alijua kuandika, yeye ndiye aliyeandika barua za siri. Askari walipoizunguka nyumba ya Barghash, dada zake walimvika nguo za kike, akatoka katikati yao asijulikane. Lakini alishindwa vitani, akapelekwa Bombay katika Bara Hindi.

Barghash akaenda zake, na Salme akabaki na machungu ya ugomvi. Watu wa Majid hawakusahau aliyoyatenda. Hata alipopatana na Majid, watu wa Barghash wakamwona kuwa msaliti. Msichana mwenye ndugu wengi namna ile akakaa kama mtu asiye na ndugu.

Baadaye alikaa mjini, katika nyumba iliyokuwa karibu na nyumba ya Mjerumani, Rudolph Heinrich Ruete, mfanyi biashara wa Hamburg. Paa la Ruete lilikuwa chini kidogo ya nyumba ya Salme, na kutoka dirishani aliweza kumwona na wageni wake. Wakajuana, kisha wakapendana. Lakini kwa sheria ya Kiislamu mwanamke Mwislamu haolewi na mwanamume Mkristo. Na Salme alipokuwa mja mzito, hatari ilikuwa kubwa. Mwezi wa Agosti mwaka 1866 alitoroka usiku, akapanda manowari ya Kiingereza iitwayo Highflyer, akafika Aden. Huko, tarehe 30 Mei 1867, alibatizwa kwa jina la Emily na siku ile ile akaolewa na Ruete. Mtoto wao wa kwanza alikufa akiwa mchanga.

Walikwenda Hamburg, wakapata watoto watatu. Mwaka 1870 Ruete alikanyagwa na gari la reli la mjini, akafa. Mwaka ule ule Majid naye alikufa, na Barghash akawa mtawala. Mwaka 1885 Salme alirudi Unguja pamoja na meli za Wajerumani, akitumaini kupatana na ndugu yake na kupewa urithi wake. Barghash, yule aliyeandikiwa barua kwa mkono wa Salme, alikataa hata kumwona uso. Salme alikufa Ujerumani mwaka 1924. Katika vitu vyake ulikutwa mfuko mdogo wenye mchanga wa pwani ya Unguja.

Wahenga walisema, wapiganapo tembo nyasi huumia. Ugomvi wa Verona haukuanzishwa na Juliet, wala kiti cha Unguja hakikugombewa na Salme. Tena, Juliet alikuwa na baba na mama, na Salme alikuwa na ndugu wengi, lakini hakuna hata mmoja wao aliyeweza kwenda kwa mkubwa wake na kusema, "Nina shida, nipe shauri." Chuki iliifunga milango yote ya kweli, ikabaki ile ya siri. Na katika siri, barua moja isipofika, au meli moja ikiondoka, hakuna mtu wa kuokoa.

Mtoto wa Tandala hana haja ya kufika Verona wala Unguja ili kuyafahamu haya. Mpaka wa shamba au deni la ng'ombe, lisipoamuliwa mapema, laweza kuwafanya majirani wawili wasisalimiane, na watoto wao wakakua wakifundishwa kuchukiana bila kujua sababu. Wazee wa Verona walipatana baada ya mazishi. Barghash hakupatana na dada yake kamwe. Afadhali mapatano ya leo, watoto wakiwa hai, kuliko mapatano ya makaburini.

MASWALI
1. Kwa nini Romeo na Juliet walifunga ndoa kwa siri?
2. Salme alijifunzaje kuandika? Elimu hiyo ilimwingiza katika jambo gani?
3. Kwa nini Salme alichukiwa na pande zote mbili?
4. Mfuko wa mchanga waonyesha nini katika moyo wa Salme?
5. Wazee wawili wa kijiji wagombania mpaka wa shamba. Andika jinsi wanavyoweza kupatana kabla ugomvi haujawafikia watoto wao.