Kusubiri Bila Hakika: Somo kwa Familia za Wanajeshi na Wastaafu

Wakazi wengi wa Eldoret wanaijua Moi Barracks kwa siku za furaha. Shule ya kuwafunza makurutu wa jeshi iko hapo, na siku ya gwaride la kufuzu wazazi hufika kutoka kila pembe ya Kenya kuwapokea vijana wao.

Kambi hiyohiyo ina kumbukumbu nyingine. Tarehe 15 Januari 2016, wapiganaji wa Al-Shabaab walishambulia kituo cha El Adde nchini Somalia. Wanajeshi wa Kenya waliokuwa hapo walitoka kikosi cha 9 Kenya Rifles, chenye makao Eldoret. Ibada ya kumbukumbu ilifanyika Moi Barracks tarehe 27 Januari, na Rais Uhuru Kenyatta aliungana na Rais Muhammadu Buhari wa Nigeria na Rais Hassan Sheikh Mohamud wa Somalia kuwafariji jamaa. Hata hivyo, kwa baadhi ya familia ibada haikumaliza jambo. Iliwabidi kusubiri vipimo vya DNA ili kujua nani amepatikana.

Somo hili linaeleza kile ambacho watafiti wamejifunza kuhusu kusubiri kwa namna hiyo, na jinsi familia, majirani na viongozi wa mitaa wanavyoweza kusaidia.

Msiba usio na hakika

Katika miaka ya 1970, mtafiti wa Marekani Pauline Boss alichunguza familia za wanajeshi waliopotea katika vita vya Vietnam. Aliona kwamba wake na watoto hao hawakuwa wagonjwa. Kilichowalemea ni hali yenyewe: mtu hayupo, lakini hakuna mwili wala kaburi, na hakuna neno la mwisho. Hali hiyo inaweza kuitwa msiba usio na hakika.

Katika msiba wa kawaida watu hujua la kufanya. Jamaa hukusanyika, marehemu huzikwa, na majirani hukaa na wafiwa. Msiba usio na hakika hauna utaratibu. Mke hajui kama ajiite mjane, na mtoto hajui ajibu nini shuleni. Ndugu wanaweza kugombana, mmoja akisema tumwombolezee na mwingine akisema tumsubiri. Ugomvi huo hautokani na ukosefu wa upendo. Unatokana na kukosa jibu.

Yupo, lakini hayupo

Utafiti huo ulionyesha pia upande wa pili. Mtu anaweza kuwa nyumbani kwa mwili huku akili yake iko mbali. Mwanajeshi amerudi salama na jamaa wamemshukuru Mungu, lakini halali usiku. Hushtuka mlango ukigongwa, huepuka mikutano ya ukoo, au hutafuta utulivu kwenye pombe. Familia inaona kuwa aliyerudi si yule aliyeondoka, na inaona aibu kulalamika kwa sababu wengine hawakurudi kabisa.

Maradhi ya kiwewe cha vita, yanayojulikana kama PTSD, yaliingizwa rasmi katika mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani mwaka 1980. Askari wa King's African Rifles waliotoka Burma mwaka 1945 walirudi miaka 35 kabla ya hapo. Walioteseka kwa kiwewe miongoni mwao waliishi nacho bila jina na bila tiba.

Takwimu zinasema nini?

Mwaka 2018, watafiti wa King's College London walichapisha matokeo kuhusu wanajeshi na wastaafu wa Uingereza wa zama za vita vya Iraq na Afghanistan. Takriban 6 kati ya 100 walikuwa na dalili za PTSD. Waliokuwa na dalili za msongo na wasiwasi walikuwa 22 kati ya 100, na waliokunywa pombe kwa kiwango cha kudhuru walikuwa 10. Miongoni mwa wastaafu waliowahi kupigana mstari wa mbele, wenye dalili za PTSD walifika 17 kati ya 100.

Hapa kuna mafunzo mawili. Kwanza, wengi hawapati PTSD, kwa hiyo si haki kumwogopa kila mwanajeshi mstaafu. Pili, mtu huhitaji kuangaliwa zaidi baada ya kuvua sare, wakati wenzake wa kikosini hawako tena karibu.

Walioachwa nyumbani pia huumia. Utafiti wa mwaka 2010 kuhusu zaidi ya wake 250,000 wa wanajeshi wa Marekani ulionyesha kuwa mume alipokaa vitani muda mrefu, mke alizidi kupatwa na sonona, wasiwasi na kukosa usingizi.

Kinachosaidia

Baada ya mashambulizi ya New York ya Septemba 2001, Boss na wenzake walikutanisha familia za wafanyakazi ambao miili yao haikupatikana. Hawakuwaambia wasahau. Waliwasaidia kushika mambo mawili kwa pamoja: huenda harudi, na bado ni wetu. Familia za hapa zinaweza kufuata njia hiyo:

1. Waambieni watoto ukweli kwa kadiri ya umri wao, ikiwa ni pamoja na kusema, "Hatujui."
2. Wekeni siku ya kumkumbuka, hata bila kaburi. Kupanda mti au kusali pamoja kunatosha.
3. Kutaneni na familia zilizopitia hali kama hiyo, kwa mfano kupitia chama au kanisa.
4. Mhusika akikosa usingizi kwa wiki kadhaa, akizidisha pombe, akiwa mkali nyumbani au akitaja kujiua, msisubiri. Nendeni kituo cha afya kilicho karibu au Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, ambayo ina huduma za afya ya akili. Simu ya bure ya Msalaba Mwekundu ni 1199.

Hofu ya polisi isimzuie mtu kutafuta msaada. Mnamo Januari 2025, Mahakama Kuu iliamua kwamba sheria iliyofanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai inakiuka Katiba.

Sheria na moyo

Kifungu cha 118A cha Sheria ya Ushahidi kinaruhusu mtu kudhaniwa amekufa ikiwa hajasikika kwa miaka 7 na wale ambao kwa kawaida wangepata habari zake. Ukoo mwingine hukataa kuitumia kwa kuona kwamba kutia sahihi ni kumzika ndugu yao kwa kalamu. Lakini karatasi hiyo inahusu mali na haki za watoto. Mama anaweza kuitia sahihi asubuhi na jioni bado akamwombea mumewe arudi.

Maswali ya kujadili katika baraza au chama

- Je, katika kijiji chetu kuna familia inayosubiri bila hakika? Nani aliitembelea mara ya mwisho?
- Mwanajeshi anapostaafu, tunampokea kwa siku moja ya karamu tu, au tunamfuatilia mwaka mzima?
- Mtoto wa mwanajeshi asiyejulikana alipo akiulizwa shuleni kuhusu babake, walimu wetu wanajua la kumsaidia kujibu?