SOMO: Utafiti wa Upasuaji Huhesabiwa Kwa Nani?

Korogwe si mgeni wa utafiti. Mwaka 2008 jarida kubwa la kitabibu la Marekani lilichapisha matokeo ya majaribio ya chanjo ya malaria kwa watoto wa Korogwe na wa Kilifi, Kenya. Katika upasuaji mambo ni tofauti kidogo, na ndiyo somo letu la robo hii.

Wasomi hupima uzito wa andiko kwa kuhesabu ni mara ngapi maandiko mengine yamelitaja. Kisha huzipanga nchi kwa hesabu hiyo. Marekani na Uingereza huwa juu. Nchi zetu huwa chini kabisa. Je, ni kwa sababu huku hakuna la kujifunza?

Tuangalie mfano wa Ifakara. Mwaka 2009 ulichapishwa utafiti wa orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani, uliofanyika katika miji minane: Seattle, Toronto, London, Amman, New Delhi, Manila, Auckland na Ifakara. Kazi yenyewe ni nyepesi. Kabla ya kisu, wahudumu wote husimama na kuulizana kwa sauti: mgonjwa ni huyu kweli? Tunapasua wapi? Dawa ya kuzuia maambukizi amepewa? Kabla mgonjwa hajatolewa chumbani, vitambaa na sindano huhesabiwa. Vifo vilipungua kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Andiko hilo limetajwa maelfu ya mara. Liliongozwa kutoka Boston, ingawa daktari wa Ifakara ni mmoja wa waandishi. Basi anayehesabu nchi ya mwandishi wa kwanza peke yake ataandika Marekani, na Ifakara haitaonekana. (Wagonjwa, bila shaka, hawahesabiwi popote.)

Kuna utafiti mwingine wa mwaka huohuo, na kwa maoni yetu unatugusa zaidi. Ulifuatilia upasuaji wa wajawazito katika hospitali za Mwanza na Kigoma, ukaona kwamba madaktari wasaidizi hawakutofautiana sana na madaktari wenye shahada kwa ubora wa kazi. Swali hilo lisingeulizwa London, maana kule kada hiyo haikuwapo. Kwa mama wa Handeni aliyekwama katika uchungu usiku, jibu lake ni uhai.

Utafiti kama huo unategemea kumbukumbu. Ikiwa katika daftari la chumba cha upasuaji safu ya "hali alipotoka" imeachwa wazi, mgonjwa huyo hawezi kumfundisha mtu yeyote. Na daktari aliyepasua usiku kucha, asubuhi akakuta foleni ya wagonjwa wa nje, ataandika makala saa ngapi?

Maswali ya kujadili kikundini: Watafiti walipofika kijijini kwenu, kamati ya afya iliuliza matokeo yatarudi lini, na kwa lugha gani? Katika andiko lao, kuna jina la mtumishi wa hospitali yenu?