Mlio wa Pikapu: Swali la Kwanza ni Unalia Lini

Pikapu ya kijijini haina kazi moja. Asubuhi hubeba magunia ya mahindi kwenda mnadani, mchana hupeleka saruji kwenye ujenzi wa darasa, na usiku, inapobidi, humfikisha mama mjamzito kituo cha afya. Gari kama hilo linapoanza kulia kwi-kwi-kwi chini ya bodi, kutambua chanzo cha mlio huwa jambo linalowagusa wengi kuliko mwenye gari.

Kosa lililozoeleka ni kuanzia dukani. Mwenye gari husikia mlio upande wa nyuma, hununua breki mpya, fundi huzifunga, na kesho yake mlio uko pale pale. Fedha imekwenda, chanzo hakijaguswa. Sababu ni kwamba sauti husafiri ndani ya chuma cha chasi, hata mlio unaosikika chini ya kiti cha abiria huweza kuwa umeanzia kwenye ekseli ya nyuma. Sikio hudanganyika upesi kuhusu mahali, lakini ni shahidi mzuri wa wakati. Ndiyo maana fundi makini, kabla hajashika spana, humuuliza dereva gari linalia lini.

Mlio ukisikika gari limesimama na injini inawaka, na ukapanda kadiri mafuta yanavyokanyagwa, wa kushukiwa kwanza ni mkanda wa feni. Maji kidogo yakinyunyizwa juu yake kwa chupa, mkono na nguo vikiwa mbali na sehemu zinazozunguka, mkanda hujieleza wenyewe: ukizidi kulia, kwa kawaida umelegea, ukinyamaza kwa muda mfupi kisha ukarudia, huenda puli hazijakaa mstari mmoja. Kupaka mkanda mafuta ni tiba ya uongo, maana mafuta huufanya uteleze na kuuharibu.

Mlio unaotoka kwenye mashimo ya barabara pekee hutafutwa injini ikiwa imezimwa, kwa watu wawili kuibonyeza bodi ya nyuma juu chini. Hapo mara nyingi ni bushi za mpira, au vumbi lililoingia kati ya mabapa ya springi. Maji yakimwagiwa bushi moja baada ya nyingine, ile itakayonyamaza ndiyo yenye kesi. Mlio huu huudhi, lakini kwa kawaida huweza kusubiri hadi mwisho wa mwezi.

Usiosubiri ni mlio unaosikika gari likitembea tu. Kipimo cha kwanza ni breki. Dereva akiikanyaga kidogo na mlio ukabadilika au kukoma, pedi za mbele zikaguliwe siku hiyo hiyo. Pedi nyingi zina kibati kidogo kilichowekwa makusudi kiikwaruze diski pale pedi inapobaki nyembamba, milimita 2 au 3 hivi. Pedi nyingine hazina kibati hicho, hivyo ukimya si ushahidi kwamba breki ni nzima.

Mlio usipobadilika kwa breki, chaki husaidia kuliko kipuri chochote. Alama hupigwa ubavuni mwa tairi la nyuma. Gari huendeshwa kwa mwendo wa mtu anayetembea, mahali tambarare pasipo na watoto, na msaidizi hutembea kando, hatua mbili kutoka kwenye gari, akihesabu. Mlio mmoja kwa kila mzunguko wa tairi huelekeza kwenye gurudumu lenyewe: breki, dramu au beringi. Milio minne au zaidi kwa mzunguko mmoja huelekeza kwenye propela, kwa kuwa katika pikapu nyingi propela huzunguka takriban mara nne wakati gurudumu linazunguka mara moja.

Miishoni mwa propela kuna krosi, kipande cha chuma chenye umbo la msalaba, ambacho kila ncha yake hukaa ndani ya kikombe kidogo chenye beringi nyembamba kama sindano. Maji ya mito inayovukwa kila siku huondoa grisi, sindano hukauka, na kwi-kwi huanza. Dalili yake ya macho ni unga wa kutu kuzunguka kikombe. Penye udongo mwekundu alama hiyo hupotea kwa urahisi machoni, lakini vumbi la barabara hutapakaa kotekote, ilhali kutu hukusanyika pale kikombe kinapoingia.

Kuijaza grisi krosi iliyokwisha kulika huinyamazisha kwa siku chache tu, na huo ukimya ndio hatari. Baada ya kwi-kwi hufuata mgongo mzito gia inapobadilishwa kwenda nyuma, na baada ya huo krosi huweza kukatika. Propela ikianguka upande wa mbele, ncha yake huweza kujichimbia barabarani na kulirusha gari pamoja na waliopakiwa, au kupasua mabomba ya breki.

Ukaguzi wake hauna gharama. Magurudumu ya mbele na ya nyuma huwekewa vigingi kwenye ardhi ngumu, injini huzimwa, gia huachwa huru. Gari likiinuliwa, lisimamishwe juu ya stendi imara. Jeki peke yake isiaminiwe uhai wa mtu. Kisha pande mbili za krosi hushikwa na kuzungushwa kinyume, mkono mmoja huku na mwingine kule. Krosi nzima haichezi hata kidogo; inayocheza hubadilishwa. Na kabla fundi hajaifungua propela, alama ya rangi ipigwe mahali inapoungana na ekseli ili irudishwe ilivyokuwa, kwani ikigeuzwa gari huweza kurudi nyumbani bila mlio lakini likitetemeka.