SOMO LA GARI: TAIRI NA NAFASI YA MADIGADI

Ndugu Wanachama,

Msimu wa karafuu unapowadia, kila mwenye gari hulitengeneza lipate kubeba magunia kutoka shamba mpaka kituo cha Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar. Wengi hununua matairi wakati huo, nasi huulizwa: je, si bora kutia tairi kubwa zaidi, gari lipate nguvu ya kupanda milima yetu? Jawabu letu ni kwamba tairi halichaguliwi kwa ukubwa wake, bali kwa nafasi iliyopo chini ya madigadi wakati gari limebeba mzigo. Jambo hili tulifundishwa mbali na kwetu.

Tuliyoyaona Bangwe

Tulikwenda Kigoma kutazama kilimo cha michikichi. Siku moja tulipanda pikapu kutoka Ujiji kwenda Bangwe, kando ya Ziwa Tanganyika. Gari lilipokuwa tupu halikutoa mlio wowote. Njiani yakapakiwa madumu ya mawese, na watu wanne wakapanda nyuma. Tangu hapo, kila penye shimo tulisikia mkwaruzo, kisha ikaja harufu ya mpira unaoungua. Dereva akasema ni jambo dogo. Tulipokaribia Bangwe tairi la nyuma la kushoto likapasuka katika mteremko, gari likayumba na kuingia majanini. Hakuna aliyeumia, alhamdulillahi, lakini mawese mengi yalimwagika, na mwenye mali alikuwa mama mjane.

Tulipolitazama tairi, bega lake lilikuwa limekwanguliwa na ukingo wa madigadi kama nazi juu ya mbuzi. Kibandiko cha mlangoni kilitaka tairi la 205/70R15. Yaliyofungwa yalikuwa 225/75R15. Mwenye gari alikuwa ameambiwa kuwa tairi kubwa ndilo imara.

Kusoma namba za tairi

Tuchukue 205/70R15. Namba ya kwanza ni upana wa tairi, yaani milimita 205. Ya pili ni kimo cha ubavu, nacho ni 70 kwa mia ya upana ule. R yaonyesha jinsi nyuzi za ndani zilivyopangwa. Namba 15 ni kipenyo cha rimu kwa inchi, na inchi moja ni milimita 25.4.

Basi tupige hesabu. Ubavu ni 205 mara 0.70, sawa na milimita 143.5. Ziko mbavu mbili, juu na chini, jumla 287. Rimu ni 15 mara 25.4, sawa na 381. Ukijumlisha, kimo chote cha tairi ni milimita 668.

Lile la 225/75R15, kwa hesabu hiyo hiyo, ni milimita 718.5. Limezidi kwa milimita 50.5, na nusu yake, yaani karibu 25, ndiyo nafasi iliyopotea kati ya tairi na madigadi. Tena limezidi upana kwa milimita 20, yaani 10 kila upande. Hata saa ya mwendo hudanganywa: ikionyesha kilomita 60, gari lenda karibu 64 na nusu.

Kanuni ya kushika ni hii: kimo cha tairi jipya kisipishane na kile cha asili kwa zaidi ya 3 kwa mia. Kwa gari lile, tairi la 215/70R15 lenye kimo cha milimita 682 limezidi 2 kwa mia tu. Laweza kufikiriwa, ikiwa upana wa rimu walikubali. Lililo bora kupita yote ni lile lililoandikwa mlangoni.

Itazameni pia namba ya mzigo inayofuata ukubwa. Kwa mfano, 100 maana yake tairi moja lachukua kilo 800. Namba hiyo isipungue ile ya asili hata kidogo.

Rimu nazo zina siri

Rimu mbili za inchi 15 zaweza kufanana machoni, lakini moja ikalitoa tairi nje zaidi. Tazameni namba iliyopigwa chapa baada ya herufi ET. Hiyo ni idadi ya milimita kutoka katikati ya rimu mpaka mahali inapokaa kwenye habu. Ukitoa rimu ya ET 45 ukatia ya ET 25, gurudumu limetoka nje milimita 20, nalo litakutana na ukingo wa madigadi. Namba ikizidi ile ya asili, gurudumu huingia ndani, likaweza kugusa springi au paipu ya breki. Hilo ni baya zaidi kwa kuwa halionekani.

Kupima kabla ya kulipa

Kwanza, fungeni tairi moja mbele na moja nyuma, kisha pakieni mzigo wa kawaida, au watu wa uzito huo. Pili, zungusheni usukani mpaka mwisho, kushoto na kulia, mtu akichungulia ndani. Tatu, pakeni chokaa upande wa ndani wa ukingo wa madigadi, mwende polepole juu ya matuta. Chokaa ikifutika mahali, tairi hilo halifai.

Wako mafundi watakaosema ukingo wa madigadi ukatwe au ugongwe nyundo. Msikubali. Chuma kilichokatwa huwa makali kama kisu na huota kutu upesi, hasa kwetu penye hewa ya bahari. Badilisheni tairi, msibadilishe gari.

Kazi ya kufanya nyumbani

Kila mwanachama mwenye gari aandike daftarini namba za kibandiko cha mlangoni, na chini yake namba za matairi aliyonayo, kisha apige hesabu ya vimo viwili. Aje na daftari hilo katika mkutano ujao, tusahihishane kabla magunia hayajapakiwa. Tairi lililokataliwa dukani ni hasara ndogo kuliko lile linalopasuka mteremkoni, karafuu zikiwa nyuma na watoto wakiwa juu ya magunia.

Wenu katika kazi,
Katibu wa Chama