Somo la Afya: Haki Tano Kabla ya Kumpa Mtoto Dawa

Kabla ya kumpa mgonjwa dawa, mwanafunzi wa uuguzi hufundishwa kuhakikisha mambo matano: mgonjwa ni yule yule, dawa ni ile ile, kipimo ni sawa, njia ya kuitoa ni sahihi, na wakati wake umefika. Mambo haya huitwa haki tano. Mzazi wa Likii, Majengo au Thingithu anayemtunza mtoto mwenye homa nyumbani anaweza kuzifuata pia.

Mgonjwa: Usimpe mtoto dawa iliyobaki ya ndugu yake. Mtoto wa chini ya miezi 3 akiwa na homa, apelekwe hospitalini kwanza.

Dawa: Soma kibandiko chote. Dawa nyingi za mafua zina paracetamol ndani yake. Ukimpa mtoto dawa ya mafua pamoja na ya homa, huenda umempa paracetamol mara mbili.

Kipimo: Hapa panahitaji uangalifu zaidi. Paracetamol ya maji hupimwa kwa uzito: miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo. Mtoto wa kilo 12 anahitaji miligramu 120 hadi 180. Chupa yenye miligramu 120 katika mililita 5 humtosha kwa mililita 5. Lakini kuna chupa zenye miligramu 250 katika mililita hizo hizo 5. Kipimo kile kile kutoka chupa hiyo kitamzidi. Tumia kifuniko au sirinji ya kupimia iliyokuja na dawa. Vijiko vya jikoni havilingani.

Njia: Dawa ya kunywa hunywewa tu. Mketishe mtoto, umpe polepole kando ya shavu, asije akapaliwa.

Wakati: Acha saa 6 zipite kati ya dozi, na zisizidi 4 kwa siku, usiku na mchana. Andika saa uliyompa, ili baba, nyanya au yaya asirudie.

Paracetamol ikizidi huharibu ini, na mtoto anaweza kuonekana mzima siku ya kwanza. Usingoje atapike au macho yawe ya manjano. Usimtapishe, wala usitegemee maziwa kuondoa sumu. Mpeleke mara moja katika Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Nanyuki au kituo cha afya kilicho karibu, ukiwa na chupa yenyewe. Dawa ya kuzuia madhara hayo hufanya kazi vizuri zaidi ikianzishwa ndani ya saa 8 tangu mtoto ameze.

Usipojua uzito wa mtoto, apimwe kliniki. Unaponunua dawa, mwombe mfamasia akuonyeshe kwenye sirinji mahali hasa pa kufikia.