Droni ikitumbukia Ziwa Nakivale: nani anamdai nani?

JUA HAKI ZAKO

Tuchukue mfano ambao unaweza kumpata kijana yeyote anayeishi kwa kazi ya video. Anatoka New Congo, ndani ya makazi ya wakimbizi ya Nakivale. Amekodi droni ya kamera kwa mwenye studio mjini Mbarara, na jioni anairusha kutoka ukingoni mwa ziwa ili apate picha za mitumbwi. Droni inaanza kuyumba juu ya maji, picha kwenye simu inaganda, na chombo hakionekani tena. Siku chache baadaye mvuvi anakiokota kwenye mafunjo.

Hapo ndipo kesi inapoanza. Mwenye studio anadai alipwe bei yote ya droni. Mvuvi anataka zawadi. Polisi wanauliza kibali kiko wapi. Na kwenye kadi ya memori kuna sura za watu waliokimbia nchi zao, ambao hakuna aliyewauliza kama wanakubali kupigwa picha.

Sheria za Uganda zina la kumwambia kila mmoja wao. Kwa ufupi, mali haibadilishi mwenyewe kwa sababu imetumbukia majini. Lakini uwezo wako wa kuidai, au wa kujitetea unapodaiwa, hutegemea ulichofanya kabla droni haijaruka.

Ziwa likishaimeza, bado ni mali yangu?

Ndiyo. Ibara ya 26 ya Katiba ya Uganda inalinda haki ya kila mtu kumiliki mali, na mali iliyopotea haihesabiwi kuwa imetupwa. Ibara ya 237 inasema maziwa ya asili, mito na ardhi oevu yako chini ya serikali, ambayo huyashika kwa niaba ya wananchi wote. Kwa hiyo mwenye shamba la ukingoni hawezi kusema kilichoanguka mbele ya shamba lake ni chake. Mwenye mtumbwi naye hakipati kwa sababu tu kimenasa kwenye wavu wake.

Mkimbizi je? Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inampa mkimbizi anayetambuliwa haki ya kumiliki mali kama wageni wengine walio katika hali kama yake, haki ya kufanya biashara, na haki ya kwenda mahakamani bila kizuizi. Asikutishe mtu kwamba mkimbizi hawezi kumshtaki raia. Sheria hiyohiyo inamtaka mkimbizi atii sheria zote za nchi, na kwa upande wa droni sheria hizo ni kali.

Kibali kwanza

Droni nchini Uganda husimamiwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga, UCAA, kwa kanuni zilizotolewa mwaka 2020. Kuingiza droni nchini na kuirusha kunahitaji idhini ya mamlaka hiyo pamoja na ruhusa ya kiusalama kutoka Wizara ya Ulinzi. Kibali ulichopata Rwanda, Kenya au Tanzania hakikufai kitu hapa.

Nakivale ina masharti yake pia. Makazi haya, yaliyoanza mwaka 1958, yako chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu, OPM, na anayetaka kupiga picha za kazi ndani yake hupitia kwa kamanda wa makazi. Ziwa lenyewe ni sehemu ya ardhi oevu ya Mburo na Nakivale, iliyoingizwa mwaka 2006 katika orodha ya kimataifa ya Ramsar. Ukisogea hadi Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Mburo, utahitaji pia ruhusa ya Mamlaka ya Wanyamapori. Usisahau kwamba wilaya ya Isingiro, yaliko makazi haya, inapakana na Tanzania. Chombo kinachoruka bila taarifa karibu na mpaka huvitia vyombo vya usalama wasiwasi, na wewe ndiye utakayetafutwa.

Mlango wa kisheria upo. Tangu mwaka 2021, Taasisi ya Magonjwa ya Kuambukiza ya Chuo Kikuu cha Makerere imetumia droni kupeleka dawa za virusi vya UKIMWI kwenye visiwa vya Kalangala, juu ya maji ya Ziwa Victoria. Anayeomba kibali hupitia hatua nyingi, lakini kazi yake inakuwa na ulinzi. Anayerusha kimyakimya hubaki mwenye mali yake, ila amejiweka kwenye hatari ya kushtakiwa, na mkataba aliouingia kwa ajili ya safari isiyoruhusiwa unaweza kukosa nguvu mbele ya hakimu.

Nimekodi, imezama. Nilipe yote?

Inategemea mliandikiana nini na uliitunza vipi. Sheria ya Mikataba ya mwaka 2010 inamtaka aliyekabidhiwa mali ya mwenzake aitunze kama mtu mwangalifu anavyotunza yake. Ukithibitisha kwamba ulifanya hivyo, na hamkupatana kwamba utabeba hasara yoyote itakayotokea, una hoja ya kujitetea. Ukizembea, utalipa.

Juu ya maji, uzembe una alama zake. Droni nyingi hutumia kamera na vihisi vya tumboni kujua zilipo zikiwa chini chini. Maji yanayomeremeta au yenye mawimbi huvichanganya vihisi hivyo, na chombo kikaanza kuteleza. Droni pia hukumbuka mahali ilipopaa. Ukiirusha kutoka kwenye mtumbwi kisha mtumbwi ukasogea, ikirudi yenyewe itateremka palepale ulipokuwa mwanzo, yaani majini. Hakimu atataka kujua kama ulipuuza onyo la betri, kama ulirusha kwenye upepo mkali, na kama uliishusha karibu mno na maji.

Majibu ya maswali hayo yamo kwenye simu na rimoti yako. Programu ya droni huhifadhi kumbukumbu ya safari, ikiwemo njia iliyopita, kimo, chaji ya betri na mahali mawasiliano yalipokatika. Usiifute programu wala kuiuza simu hiyo. Piga picha za kurasa hizo na uzitume mahali salama siku ileile.

Na mwenye studio asikilize hili. Sheria ya Mikataba inataka mkataba wenye thamani inayozidi shilingi 500,000 uwe kwa maandishi. Ujumbe wa simu unaoweza kusomwa tena unahesabiwa kuwa maandishi, kwa hiyo mazungumzo yenu ya WhatsApp yana uzito. Makubaliano ya mdomo juu ya chombo cha mamilioni yatakusumbua wewe kwanza.

Mkishindwa kuelewana, njia ziko tatu. Mahakama ya LC1, yaani baraza la kijiji, inaweza kusikiliza madai ya deni, mkataba, au mali iliyoharibiwa au kuchukuliwa, yasiyozidi shilingi milioni 2. Utaratibu wa madai madogo kwenye mahakama ya hakimu hupokea madai ya deni, bidhaa au kodi hadi shilingi milioni 10, nawe hujitetea mwenyewe bila wakili, baada ya kumpa mdaiwa notisi ya siku 14. Zaidi ya hapo ni kesi ya kawaida kwa hakimu. Kamati ya wakimbizi, RWC, inaweza kuwapatanisha vizuri sana, lakini si mahakama. Hakuna anayeruhusiwa kukushikia kadi ya familia au kitambulisho chako kama rehani.

Wewe uliyeiokota

Kuokota si kosa. Kosa linaweza kuwa katika unachokifanya baada ya kuokota. Sheria ya Kanuni za Adhabu inasema anayekichukua kitu kilichopotea na kukifanya chake hahesabiwi mwizi ikiwa wakati huo hamjui mwenyewe na ana sababu za msingi za kuamini kwamba mwenyewe hawezi kupatikana. Droni mara nyingi ina namba ya usajili, wakati mwingine hata namba ya simu iliyobandikwa, na mwaloni kila mtu amesikia nani anaitafuta. Ukiivunja na kuuza betri na kamera mjini Mbarara, itakuwa vigumu kumwambia hakimu kwamba hukujua. Anayeinunua huku akijua ilikotoka naye yumo hatarini.

Ipeleke kwa mwenyekiti wa LC1 au RWC mbele ya mashahidi, kisha kituo cha polisi kilicho karibu, na uombe maandishi yanayoonyesha kwamba umeikabidhi. Maandishi hayo ndiyo kinga yako. Usijaribu kuwasha chombo kilicholowa wala kuchaji betri yake, kwa sababu betri za aina hiyo zikiingia maji zinaweza kushika moto.

Na zawadi? Mwenye mali akitangaza kwamba atamlipa shilingi kadhaa atakayemrudishia, nawe ukarudisha, ile ahadi ni deni na unaweza kuidai LC1. Ila ukimwambia "nipe pesa, la sivyo nitasambaza picha zako," hapo umetoka kwenye zawadi umeingia kwenye jinai.

Mwenye mali, angalia maneno ya tangazo lako. Unaruhusiwa kutoa zawadi. Lakini Sheria ya Kanuni za Adhabu inakataza kutangaza zawadi ya mali iliyoibwa au kupotea huku ukiahidi kwamba anayeileta hataulizwa chochote. Andika kiasi na namba ya simu, uishie hapo.

Kuna jambo ambalo nawasihi wote mlishike. Msimpeleke mtoto wala kijana asiyejua maji kupiga mbizi kutafuta chombo. Ukimtuma mtu akazama, utawajibika, na hakuna fidia inayomrudisha. Mlipe mvuvi mzoefu, mpatane bei kabla, avae jaketi la kuokolea, na mtafute mchana.

Kadi ya memori

Kwangu hili ndilo zito kuliko bei ya droni. Nakivale inahifadhi watu kutoka Kongo, Burundi, Somalia, Rwanda, Ethiopia na Eritrea, na baadhi yao wanatafutwa na waliowafukuza. Picha moja inayoonyesha sura ya mama na mlango wa nyumba yake inaweza kumweleza adui anapoishi.

Ibara ya 27 ya Katiba inalinda faragha ya mtu na nyumba yake. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inahesabu picha inayomtambulisha mtu kuwa taarifa zake binafsi. Anayekusanya taarifa hizo anahitaji ridhaa au sababu nyingine ya kisheria, na kwa mtoto ni ridhaa ya mzazi au mlezi. Taarifa zikiangukia mikononi mwa asiyehusika, aliyezikusanya anapaswa kuiarifu mara moja Ofisi ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Kwa hiyo ukipoteza droni yenye picha za watu, usiripoti chombo peke yake. Sema na kilichomo.

Ewe uliyepigwa picha, una haki ya kuuliza nani anazo, kwa kazi gani, na kutaka zifutwe. Ewe uliyeokota, usiingize kadi ile kwenye simu yako kutazama.

Kituo cha polisi

Nenda mapema na stakabadhi ya ununuzi au mkataba wa kukodi, vibali, namba ya usajili ya droni, na picha za kumbukumbu ya safari. Omba taarifa iandikwe kwenye kitabu cha kituo na upewe namba yake, iitwayo namba ya SD. Bila namba hiyo, mwenye studio na kampuni ya bima watakuwa na sababu ya kukutilia shaka.

Sema ukweli. Ikiwa droni ilizama, usiseme imeibwa ili bima ilipe. Kumpa polisi taarifa za uongo ni kosa la jinai. Ikiwa uliirusha bila kibali, zungumza na wakili kabla ya kuandika maelezo.

Ukikamatwa, Ibara ya 23 ya Katiba inataka uelezwe sababu mara moja kwa lugha unayoielewa, upewe nafasi ya wakili, na ufikishwe mahakamani ndani ya saa 48 ikiwa hujaachiwa. Kesi ikifika mahakamani nawe huielewi lugha inayotumika, utapewa mkalimani bila malipo. Dhamana ya polisi haina malipo. Chombo chako kikichukuliwa kama kielelezo, omba maandishi yenye namba yake na jina la afisa aliyekipokea.

Kwa msaada wa kisheria, wakimbizi huhudumiwa na Refugee Law Project, ambayo ina ofisi Mbarara. Ukidhulumiwa na afisa wa serikali, Tume ya Haki za Binadamu ya Uganda nayo ina ofisi ya kanda mjini humo. Unapotaja sheria, taja jina lake kamili, kwa sababu namba za vifungu zilibadilika katika toleo la sheria lililoanza kutumika Julai 2024.

Karatasi ya kuandikiana kabla ya kukodi

Nakili maneno haya, jazeni nafasi, mtie sahihi nyote wawili pamoja na shahidi mmoja, na kila mmoja abaki na nakala:

*"Mimi ______ nimempa ______ droni aina ya ______, namba ______, yenye thamani ya shilingi ______, kuanzia tarehe ______ hadi ______, kwa malipo ya shilingi ______. Vibali vya kuirusha vimetolewa kwa jina la ______ na nakala zake zimeambatanishwa. Itarushwa ______ tu. Kuirusha juu ya maji: inaruhusiwa / hairuhusiwi. Ikipotea au kuharibika kwa uzembe, mkodishwaji atalipa shilingi ______. Ikipotea bila uzembe, hasara itagawanywa hivi: ______. Picha zilizomo ni za ______, na hazitatolewa kwa mtu mwingine bila ridhaa ya waliopigwa."*

Mstari wa maji ndio watu wanaousahau. Ujazeni kwanza.