Mgeni Katika Tarakilishi ya Mwenyeji: Kiigaji na Tatizo la Mtandao

Makala haya yanahusu kiigaji, yaani programu inayoifanya tarakilishi moja itende kama tarakilishi nyingine. Wataalamu huita mashine inayoigwa mgeni, na ile inayoibeba mwenyeji. Istilahi hizi zinatufaa sana Waswahili, kwani tatizo tunalolichunguza ni la mgeni anayetaka kutoka nje kupitia mlango usio wake.

Tuchukue mfano wa QEMU, kiigaji kilichoasisiwa na Mfaransa Fabrice Bellard mwaka wa 2003. Kuiga kumbukumbu, saa, au hata kadi ya mtandao ni kazi inayokamilika ndani ya programu yenyewe. Msimbo wake huweza kuhamishwa kutoka Linux hadi Windows au Mac kwa marekebisho machache. Matata huanza pale pakiti inapotoka kwenye kadi ya kuigwa na kutakiwa ifike kwenye waya halisi. Hapo hapana budi kumbishia mwenyeji hodi, na kila mwenyeji ana desturi zake.

Linux hutoa kifaa cha TAP, yaani kadi ya kubuni inayofunguliwa kupitia faili ya /dev/net/tun. Windows haina kifaa hicho. Kiendeshi chake kimezoeleka kuletwa na mradi wa OpenVPN. Kampuni ya Apple ilitoa vmnet mwaka wa 2014, lakini QEMU ilianza kuitumia katika toleo la 7.1 la mwaka wa 2022. Kazi ni moja, misimbo ni mitatu, na kila mmoja unahitaji mtu wa kuutunza. Aidha, njia hizi kwa kawaida hudai ruhusa ya msimamizi wa mfumo. Hata ruhusa ikipatikana, mitambo mingi ya mtandao usiotumia waya hukataa fremu zenye anwani ya kadi isiyojisajili kwake, hivyo daraja lililofanya kazi vyema kwenye waya hukwama hewani.

Ipo njia ya pili, nayo ni slirp. Hapa kiigaji hubeba itifaki za TCP/IP ndani yake, humpa mgeni anwani ya 10.0.2.15, kisha humwombea kwa mwenyeji miunganisho ya kawaida kama ile ya kivinjari. Haidai ruhusa maalumu, na huhamishika kwa urahisi. Gharama yake ni kasi ndogo, na walio nje hawawezi kumfikia mgeni mpaka afunguliwe lango mahususi.

Kwa maoni yetu, mwanafunzi anayetumia tarakilishi ya maabara, asiye na nywila ya msimamizi, aanze na slirp. Asishangae tu amri ya ping ikinyamaza ilhali kurasa za wavuti zinafunguka: ujumbe wa ping si wa TCP wala UDP, na mifumo mingi haiiruhusu programu ya kawaida kuutuma ipendavyo.